Ukiondoka duniani leo, familia itaifunguaje seva yako ya nyumbani?

#1 KijanaWaTanga

Wakuu kwema? Niende moja kwa moja.

Dai langu ni hili: wengi wetu tunaohosti wenyewe, yaani tunaoweka kwenye seva za nyumbani, picha na nyaraka za familia, anayeweza kuzifikia ni mtu mmoja tu, yaani sisi. Tunajisifu tumetoka Google, data iko sebuleni, hatulipi mtu kila mwezi, sawa. Ila tukifumba macho leo, mke, watoto na wazee wanabaki na kiboksi kinachowaka taa na hakuna anayejua kinafunguliwaje.

Nasema hivyo kwa sababu juzi kati shemeji, mke wa rafiki yangu aliyetangulia mbele za haki, kaniita nikamsaidie. Marehemu alihama Google Photos baada ya ile Juni 2021 walipoondoa hifadhi ya bure isiyo na kikomo, akanunua kompyuta ndogo ya HP EliteDesk used, diski mbili, akaweka Immich ya picha na Nextcloud ya nyaraka. Kila kitu humo: picha za watoto toka wodini, video ya babu yake akitaja majina ya ukoo mmoja mmoja, skani ya hati ya kiwanja, vyeti vyote. Nimechomeka skrini nikakuta mstari mmoja wa maandishi meupe unaomba paswedi ya kufungua diski. Kumbe kila umeme ukikatika yeye ndo alikuwa anakuja kuiingiza, akimaliza anazima skrini anaendelea na mambo yake. Shemeji anasema alikuwa akimuona anaandika kitu kirefu, basi.

Hakuna karatasi, hakuna daftari. Na diski zote mbili ni nzima kabisa, hazina bovu lolote.

Sasa hapa tatizo hasa ni nini? Enkripsheni, yaani kuifunga data kwa paswedi? Kutoandika? Au kuhosti wenyewe ndo kosa toka mwanzo? Na nyie mmejipangaje?

#2 mzee_wa_bakapu

Pole sana mkuu, na pole kwa shemeji.

Kabla ya mjadala: asiguse mtu hizo diski. Fundi akizichomeka kwenye Windows, Windows haielewi LUKS (enkripsheni ya diski ya Linux) wala ext4 (mpangilio wa faili wa Linux), inaweza kuleta ule ujumbe kwamba diski lazima iformatiwe kwanza ndo itumike, na asiyejua anabonyeza ndiyo. LUKS inaweka hedda, kipande cha taarifa zake, mwanzoni mwa diski, funguo zote zinakaa pale. Ile hedda ikifutika, hata paswedi ikipatikana kesho haisaidii. Chukua nakala ya hedda kwa cryptsetup luksHeaderBackup, iweke pembeni, halafu tengeneza kopi nzima ya kila diski kwa ddrescue, ndo muanze kubahatisha maneno kwenye kopi.

Kuhusu swali, mi nasimama hapa: nyumbani enkripsheni ya diski ya nini? Uliyemkimbia ni Google, sio mkeo. Hapo ndo data ilipopotelea.

#3 Stima_Imepotea

Mzee wa bakapu hapo sikubali. Mtaani kwetu Nairobi waliingia kwa jirani wakabeba TV, laptopu na mini PC kama hiyo hiyo. Ndani kulikuwa na skani za vitambulisho vya nyumba nzima, hati ya shamba na stetimenti za benki. Diski isiyo na LUKS mwizi anaisoma kama flashi tu.

Na hamna haja ya kuchagua moja. LUKS1 ina nafasi 8 za paswedi, LUKS2 inafika hadi 32. Unaacha yako, unaongeza ya mke kwa luksAddKey, kazi ya dakika moja. Shida si kufuli, shida ni kuchonga ufunguo mmoja tu.

#4 ngosha_wa_ziwani

Nakaa hapa, wajuzi waje. Nina kompyuta yangu ndogo ya Raspberry Pi sebuleni na nimeanza kuingiwa na wasiwasi.

#5 Dada_Neema

Niwaambie kitu nyie kina baba wa seva, maana mimi ndo hiyo "familia" mnayoipangia.

Mume wangu kaandika maelekezo, simlaumu, kajitahidi, kurasa nne, na paswedi zipo humo. Mstari wa kwanza unasema "ingia kwa ssh kwenye seva". Wa pili "hakikisha kontena zote zimepanda". Mimi ni mwalimu wa sekondari, kompyuta natumia kila siku, na nilikwama mstari wa kwanza. Nikamrudishia karatasi yake nikamwambia mpe mama yako Iringa aisome, akielewa nami nitaelewa.

Stima unasema ufunguo mmoja. Mimi ninao ufunguo wa pili na bado siwezi kitu. Tatizo ni kwamba mnamwandikia fundi mwenzenu. Mimi sina mpango wa kuiendesha hiyo seva baada yako, sitaki kujua kontena zimepanda wapi. Nataka picha zitoke, hati zitoke, niziweke kwenye simu yangu na ya watoto, halafu hicho kiboksi kizimwe. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na nyie mnaandika ile moja tu mnayoipenda.

#6 bytes_kariakoo

Dada Neema kamaliza uzi, ila niongezee kitu ambacho wengi wa Immich hawakijui mpaka siku wanachomeka diski mahali pengine.

Immich ukiiacha ilivyokuja, haiweki picha kwa majina yake. Inazitawanya kwenye vifolda vyenye herufi mbili mbili na kila faili inapewa jina refu la herufi na tarakimu zisizo na maana kwa binadamu. Albamu, nani yuko kwenye picha, ipi umeipenda, vyote vinakaa kwenye kanzidata ya Postgres. Kwa hiyo hata hizo diski za KijanaWaTanga zingekuwa hazina LUKS, shemeji angefungua akakuta maelfu ya faili asiyojua ipi ni ya nani. Inabidi uwashe ile storage template kwenye mipangilio ya admini, ndo inapanga kwa mwaka na mwezi. Nextcloud afadhali, faili zinakaa na majina yake ndani ya folda ya kila mtumiaji, labda uwe umewasha enkripsheni yake ya ndani.

Mi nimefanya hivi: diski ya nje, imeformatiwa exFAT, kila wiki skripti inamwaga picha zote zikiwa zimepangwa kwa mwaka, bila enkripsheni, juu nimeandika kwa maka pen PICHA ZA NYUMBANI. Inakaa kabati la mke. Unaichomeka kwenye kompyuta yoyote, Windows au Mac, inafunguka. TV nyingi za siku hizi pia zinaisoma.

#7 mzee_wa_bakapu

Bytes wazo zuri ila marekebisho mawili. exFAT haina jonali, ile kumbukumbu ya kurekebisha uandishi uliokatika, ukiichomoa wakati inaandika au umeme ukakatika katikati, orodha ya faili inaweza kuvurugika yote. NTFS ya Windows ina uvumilivu zaidi hapo, ila Mac itaisoma tu bila kuandika. Pili, hiyo diski inachomolewa kweli au imelala hapo hapo nyuma ya seva? Maana ikiwa imechomekwa muda wote, radi ikipiga zinaondoka zote mbili, na kirusi cha kudai fidia kinazifunga zote mbili. Wenye NAS za QNAP, vile viboksi vya kuhifadhi data kwenye mtandao wa nyumbani, wanakumbuka kirusi cha Deadbolt cha Januari 2022, watu waliamka wakakuta NAS nzima imefungwa inadai bitkoini.

Na mwizi wa Stima akilifikia hilo kabati?

#8 bytes_kariakoo

Mzee umeanza. Inachomolewa, natumia saa ya ukumbusho kwenye simu. Na ya pili ipo kwa dada yangu Morogoro, tunabadilishana kila nikienda. Ile ya Morogoro ndo ina BitLocker, enkripsheni ya Windows, na paswedi yake dada anayo. Hiyo ndo 3-2-1 yenyewe, nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya nyumba.

Ila jamani diski ya kuweka kabatini iwe ya kuzunguka, ile HDD ya kawaida. SSD ikikaa muda mrefu bila umeme chaji zinavuja polepole na data inaweza kuondoka, na joto la Dar linaharakisha. Watu wananunua SSD ya nje kwa sababu ni nyepesi halafu wanaifungia sandukuni miaka.

#9 MtuWaMuscat

Salaam kutoka Muscat. Naona wote mnazungumzia seva mnayoishi nayo nyumba moja. Yetu ipo Unguja kwa mama, mimi nipo huku, dada yupo Toronto, ndugu wengine wametawanyika. Picha za harusi zote, kaseti za zamani za baba tulizozigeuza kuwa faili, zipo pale. Tunaingia kwa Tailscale, njia binafsi ya kuunganisha vifaa vilivyo mbali, kwa sababu intaneti ya pale haina IP ya wazi, ipo nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi wanashea IP moja.

Sasa sikilizeni. Kifaa kwenye Tailscale, usipobadili kitu, ufunguo wake unaisha baada ya siku 180, mpaka kithibitishwe upya au uwe umezima hiyo tarehe mapema. Akaunti imefungwa kwenye imeili ya mtu mmoja. Imeili inadai namba ya siri kwa SMS. SMS inaenda kwenye laini ya huyo mtu, na laini isipotumika muda mrefu inafungwa, baadaye anauziwa mwingine. Kama unatumia domeni yako, inalipwa kwa kadi ya benki ambayo akaunti yake ndo hiyo imesimamishwa kusubiri mirathi. Kwa hiyo diski nzima, umeme upo, paswedi ya LUKS mnayo, na bado dada wa Toronto haingii, na mama pale Unguja anachojua ni kubonyeza swichi.

Mi naona hapa ndo penye tatizo hasa. Enkripsheni mnaipiga mawe bure.

#10 Stima_Imepotea

@MtuWaMuscat umenifungua macho, nimeenda sasa hivi kuzima hiyo tarehe kwenye mashine yangu. Starlink pia ni CGNAT, kwa hivyo wengi wetu huku tuko kwa hiyo hali.

Mimi nilikuwa nimetegemea Vaultwarden, programu ya kutunza paswedi unayoihosti mwenyewe. Ina kile kipengele cha dharura, unamchagua mtu, akiomba kuingia unapewa siku kadhaa za kukataa, usipojibu anafunguliwa paswedi zako zote. Nimemuweka mke na siku 7.

#11 mzee_wa_bakapu

Stima, na hiyo Vaultwarden inakaa wapi?

#12 Stima_Imepotea

Kwa seva hiyo hiyo.

#13 mzee_wa_bakapu

Basi fikiria mnyororo wote. Seva imezimika, inadai paswedi ya LUKS ili iwake. Paswedi ya LUKS ipo ndani ya Vaultwarden. Vaultwarden ipo ndani ya seva iliyozimika. Na ule ujumbe wa dharura unatumwa kwa imeili na seva hiyo hiyo. Mkeo ataomba kwa nani?

#14 ngosha_wa_ziwani

Hapo mzee kaua.

#15 bytes_kariakoo

Kaua nusu. Apu ya Bitwarden, ambayo ndo inayotumika na Vaultwarden, kwenye simu inaweka kopi ya paswedi ndani ya simu yenyewe, seva ikizimika bado unaweza kuzisoma, huwezi tu kubadili. Kwa hiyo kama mke wa Stima ana akaunti yake kwenye simu yake na paswedi ya LUKS imewekwa kwenye kolekshini wanayoshea wote wawili, anaisoma hata seva ikiwa imezama ziwani. Kinachokufa ni kile kipengele cha dharura tu.

KijanaWaTanga, simu ya marehemu ipo? Huenda jibu limelala humo.

#16 KijanaWaTanga

Shukrani wakuu, hamjaniangusha. Hedda nimeshachukua nakala, kopi za diski zinaendelea.

Simu ipo. Ilikuwa inafunguliwa kwa kidole na PIN, shemeji PIN haijui. Mtoto wao wa darasa la nne ndo anaijua, alikuwa anapewa acheze gemu. Kaichukua kafungua mbele yetu. Humo tumekuta picha ambazo marehemu alikuwa hajazifuta kwenye simu, tumezihamisha zote. Apu ya Immich inafunguka lakini ile video ya babu haipo. Apu ya paswedi ipo pia, ila inadai paswedi yake kuu, kidole ndo kilikuwa kinatosha.

#17 mama_wawili

Samahani mi sio mtu wa seva lakini nimesoma yote. Kwa nini msirudi tu Google? Pale kuna ile ya akaunti isiyotumika, ipo toka 2013, unaiambia nikikaa kimya miezi 3, au 6, 12, hadi 18, watumie hawa data yangu. Unaweza kuweka watu hadi 10. Mi nimemuweka mume wangu na mdogo wangu, namba zao za simu zipo pale kwa sababu ndo wanatumiwa namba ya kuthibitisha. iPhone nao toka mwishoni mwa 2021 wana mrithi wa akaunti, unampa ufunguo fulani wa siri, akienda nao pamoja na cheti cha kifo anafunguliwa. Hakuna LUKS wala ssh. Nyie mnajitesa, na siku mkiondoka mnawatesa wengine.

#18 MtuWaMuscat

Dada mama_wawili uko sahihi kwa asilimia kubwa, ila ongeza haya. Huyo mrithi wa iPhone hapewi paswedi zilizohifadhiwa, na anapewa miaka 3 tu kisha inafutwa. Google nao toka mwisho wa 2023 wanafuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kuguswa. Na usipoiweka hiyo mipangilio ukiwa hai, familia inabaki kuwaandikia na kusubiri waamue, paswedi hawatoi. Ni wangapi mtaani kwenu wameiweka?

#19 KijanaWaTanga

Na kuna ile 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ikayumba nchi nzima. Mimi seva yangu ilikuwa inafunguka nyumbani kama kawaida, watoto wanaangalia katuni kwenye Jellyfin. Wenye picha zao nje walikuwa wanaangalia duara linazunguka. Sitaki kuacha hilo.

#20 mama_wawili

Intaneti ikikatika inarudi, Kijana. Paswedi ya marehemu hairudi. Nasema kwa heshima tu.

#21 wakili_wa_mtaa

Habari za jioni. Naona mnapita pembeni ya jambo moja kubwa, watu hawaandiki kwa sababu hawataki kuongelea kifo. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo vingi, mtu akiandika wosia anaambiwa anajitabiria. Sasa huyo ataandikaje karatasi ya seva? Mi naona teknolojia hapa ni jina tu, jambo lenyewe ni lile lile la siku zote.

Kwa Tanzania utaratibu uko hivi kwa kifupi: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, kisha mahakama inamteua msimamizi wa mirathi. Kompyuta na diski ni mali, msimamizi anaziorodhesha kama vyombo vingine. Yaliyomo ndani, sheria yetu ya mirathi, sura ya 352, haizungumzii paswedi hata kwa mstari mmoja. Kwa hiyo usitegemee mahakama ikufungulie LUKS, haina uwezo huo na hakuna mwenye uwezo huo.

Msiandike paswedi ndani ya wosia. Wosia utasomwa mbele ya watu na utaingia kwenye jalada la mahakama. Kwenye wosia andika tu kwamba kuna bahasha, iko wapi na aifungue nani. Wosia wenyewe unaweza kuutunza RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, bahasha ikae mahali pengine. Paswedi ukibadili unabadili bahasha, wosia hauguswi.

#22 mzee_wa_bakapu

Nakazia hiyo ya bahasha, na ya kubadili. Bahasha yenye paswedi ya mwaka juzi haina kazi.

#23 Stima_Imepotea

Kuna njia ya Shamir pia, yule Adi Shamir wa 1979. Unaikata siri vipande, tuseme vitatu, na vyovyote viwili vikikutana siri inarudi, kimoja pekee hakisemi kitu. Kipande kwa mke, kingine kwa ndugu, kingine kwa rafiki. Hakuna mtu mmoja anaweza kukuibia ukiwa hai.

#24 Dada_Neema

Stima kaka yangu, yaani nifiwe na mume, halafu ili nione picha za wanangu nianze kumtafuta shemeji ambaye siku hiyo hiyo tunagombania kiwanja, nimuombe kipande chake? Umewahi kukaa msiba wenye mirathi wewe?

#25 Stima_Imepotea

Dada hapo sina jibu la haraka. Labda vipande vyote viende upande wako.

#26 mzee_wa_bakapu

Vikienda vyote upande mmoja, si bora bahasha ya wakili tu.

#27 fundi_sola_Dodoma

Mi nichomekee kidogo. Mnaongelea paswedi lakini seva nyingi zitakufa kwa sababu hakuna wa kulipia umeme. Mini PC ikiwa imetulia inakula kama wati 15, ni unit 10 na point kwa mwezi, kwa bei ya umeme ya T1 haifiki elfu nne. Ni ndogo, ila baada ya msiba kila shilingi inaangaliwa, mtu anaona kitaa kinawaka usiku kucha anauliza hiki cha nini, anachomoa. Sijui kama hilo nalo mmeliweka kwenye karatasi zenu. Weka UPS, betri ya akiba, pia, maana kukatika kwa ghafla kunaua kadi za SD za Raspberry Pi kuliko kitu kingine. Ngosha nakuangalia wewe.

#28 ngosha_wa_ziwani

Nimehamia SSD mkuu tuliza moyo. Ila hiyo ya kuchomolewa ni kweli tupu, mama kaichomoa ya kwangu mwezi huu apate pa kuchomeka pasi.

#29 MtuWaMuscat

Unguja ongeza na chumvi ya bahari. Ukifungua boksi ya seva baada ya miaka michache, skrubu na bandari zimeshika kutu. Mama tumemuomba aifunike kwa kitambaa chepesi, akafunika na feni. Sasa imewekwa juu ya kabati na ndugu anapita kuipuliza vumbi.

#30 Abu_Salma

Assalaam alaykum. Nimesoma kimya kimya, ngoja niseme ambalo halijasemwa.

Nani kasema familia inatakiwa ifikie kila kitu? Mtu ana mawasiliano yake, ana siri alizoaminiwa na watu wengine, ana madeni aliyomsitiri mtu, ana mambo aliyotubia. Dini yetu inatufundisha anayemsitiri Muislamu Mwenyezi Mungu atamsitiri, na maiti anasitiriwa zaidi kwa sababu hawezi kujieleza. Nimeona heshima ya marehemu inavunjwa baada ya yeye kuzikwa, kwa sababu watu walifungua simu yake wakasoma nusu ya mazungumzo. Huyo rafiki wa KijanaWaTanga, je kama alikusudia? Huenda hakusahau kuandika. Huenda hakutaka.

#31 KijanaWaTanga

Sheikh nimelifikiria hilo baada ya kukusoma na limenisumbua. Lakini hati ya kiwanja na video ya babu yake hawezi kuwa alikusudia zipotee. Namjua.

#32 Dada_Neema

Abu Salma nakuheshimu sana, na kwenye simu nakubaliana na wewe kabisa. Lakini picha za watoto wangu sio siri ya mtu mmoja. Mimi nilikuwepo, wengine nimewazaa. Zikifungwa chumba kimoja na siri za mtu, aliyezifunga ndo kakosea kupanga.

#33 bibi_wa_albamu

Wanangu, chapisheni picha. Albamu yangu ina picha za 1974, haijawahi kuniomba paswedi.

#34 bytes_kariakoo

Bibi shikamoo. Mchwa je?

#35 bibi_wa_albamu

Marahaba. Mchwa walikula moja mwaka wa mafuriko, zilizobaki zipo kwenye sanduku la bati. Chagueni chache zile za maana mzichapishe studio kwa karatasi ya picha, sio printa ya ofisini, ile wino unapauka upesi.

#36 mzee_wa_bakapu

Bibi kanishinda, nachapisha. Ila video ya babu haichapishiki.

Naleta pendekezo la vitendo. Wiki hii kila mmoja achomoe seva yake, azime simu, akae nje barazani, amwachie mwenza wake karatasi peke yake. Asijibu swali hata moja. Lengo liwe dogo: toa picha moja ya mtoto na hati moja. Tuone.

#37 Dada_Neema

Sisi tumefanya jana. Nimekataa ile karatasi ya kurasa nne, kaandika nyingine upande mmoja tu, kwa Kiswahili: diski ipo wapi, ina rangi gani, ichomeke kwenye laptopu, fungua folda ya NYARAKA, ukikwama mpigie fulani, namba hii. Hakuna neno seva. Hati nimeipata. Picha ya mwanangu wa kwanza sikuipata, kumbe skripti ya mume ya kujaza hiyo diski ilikuwa inakopi folda yake tu, picha zilizopanda kutoka simu yangu kwenye akaunti yangu zilikuwa hazimo kabisa.

#38 bytes_kariakoo

Duh. Hiyo ni ya wote mnaotumia Immich, kila mtumiaji ana folda yake. Ukishawasha template, kwenye mipangilio ya watumiaji ya admini kuna mahali pa kuweka lebo ya kila mtu ili folda iwe na jina badala ya zile namba ndefu. Nakwenda kuangalia ya kwangu.

#39 Stima_Imepotea

Nina swali kwa wakili. Sisi ndugu ni watano, baba bado yuko na ana diski yake ya picha za ukoo mzima. Siku ikifika, diski ni moja, inagawanywaje?

#40 wakili_wa_mtaa

Kifaa kina thamani ndogo, anaweza kupewa mmoja na wengine wasilalamike. Faili zinakopika, kwa hiyo kila mmoja apate nakala. Fanyeni sasa baba akiwa anaweza kusema hii ya wote, hii ya mama yenu tu. Neno lake leo litawaokolea ugomvi ambao mahakama haina namna ya kuuamua vizuri.

#41 Abu_Salma

Wakili kasema vizuri, na hapo ndo ninapofika. Mimi nimeweka sehemu mbili. Ya familia haina kufuli la peke yangu, mke anayo na mwanangu mkubwa anayo. Ya pili ina LUKS yake, paswedi sijampa mtu na sitampa. Nimeandika kwenye karatasi kwamba hiyo ya pili ifutwe bila kufunguliwa.

#42 Dada_Neema

Sheikh, hapo ndo ugomvi utakapoanzia. Ndugu wakiona kuna sehemu imefungwa watasema humo ndo kuna hati, humo ndo kuna akaunti ya benki iliyofichwa, na mjane ndo atashukiwa anaijua paswedi. Andika pia, mbele ya shahidi, kwamba humo hakuna mali ya mtu. Na huyo shahidi asiwe upande wangu wala wako.